MZIGO WA MWENZIO
Somo juu ya uchovu wa moyo na akili katika kazi za umma, Busia na Tororo



Katika matawi yetu tumezoea kuzungumza juu ya hatari zinazoonekana kwa macho. Mfanyakazi wa saruji anadai kinga ya vumbi. Mkata miwa anadai viatu na glavu. Anayesimama karibu na mashine anadai kifuniko cha mkanda unaozunguka. Madai hayo ni ya haki na hatutayaacha. Lakini somo letu la leo ni juu ya hatari ya aina nyingine, isiyotoa damu wala kuacha kovu. Hatari hiyo humpata mtu kwa jinsi kazi yake ilivyopangwa na kwa jinsi anavyotendewa akiwa kazini.

Mifano yetu tumeitoa katika utumishi wa umma: hospitali, mpaka na shule. Baadhi yenu mtauliza: "Sisi ni watu wa kiwandani na shambani. Ya manesi na makarani wa serikali yanatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Tutalijibu kabla ya kumaliza.

1. MKATA MIWA NA NESI

Tuchukue mfano. Mkata miwa mmoja upande wa Busia anajikata mguu kwa panga saa kumi na mbili jioni. Wenzake wanamfunga kitambaa, wanampakia kwenye boda boda, wanampeleka hospitali ya serikali. Anafika saa mbili usiku. Anakaa kwenye benchi mpaka saa tano. Kila akiuliza, nesi anamjibu kwa ukali, na mara ya tatu anamwambia: "Kaa kimya au rudi ulikotoka!" Mwishowe jeraha linashonwa. Dawa ya maumivu haipo, akanunue nje. Kesho yake anasimulia kambini kwamba manesi wa serikali hawana utu. Wote wanakubali, maana kila mmoja ana kisa chake.

Sasa tuvuke tukae upande wa nesi. Ameingia kazini saa moja asubuhi. Alipaswa kutoka jioni, lakini wa kumpokea hakuja, na hakuna aliyetafutwa badala yake. Yuko peke yake: wodi ni yake, na wanaoletwa na majeraha ni wake pia. Mchana mama mmoja amefariki akijifungua, na yeye ndiye aliyetumwa kumweleza mume. Glavu zimekwisha. Tangu chai ya asubuhi hajala. Ndugu za wagonjwa wanamtukana kwa sababu ya dawa ambazo si yeye anayeziagiza. Mkubwa wake alipopita, aliuliza swali moja tu: kwa nini kitabu cha wagonjwa hakijajazwa.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona kichwani pake unadhani ni mwepesi.

Hatusemi kwamba matusi ni halali. Mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa, na nesi aliyemtukana amekosa. Lakini tuzitazame sababu moja moja: zamu isiyo na mpokezi, upungufu wa watu, stoo tupu, mkubwa asiyesaidia, msiba usiopewa hata nusu saa ya kupumua. Hakuna hata moja iliyomo ndani ya moyo wa nesi. Zote zimo katika mpango wa kazi. Nesi huyo akihamishwa kesho na kuletwa mwingine aliye mpole, baada ya miezi sita huyo mpole naye atakuwa mkali.

Hilo ndilo tunalotaka kila msomaji ashike. Uchovu wa moyo na akili kazini kwa sehemu kubwa hutengenezwa na mpango wa kazi. Na jambo lililopangwa na watu laweza kupangwa upya na watu. Kwa hiyo ni jambo la kudai mezani, kama mshahara na kama viatu.

2. MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Tunaposema mazingira ya kazi hatuna maana ya majengo na mashine peke yake. Yamo pia mambo sita yafuatayo, ambayo kila tawi linaweza kuyachunguza bila kuwa na daktari:

(a) Wingi wa kazi. Je, watu wanatosha kwa kazi iliyopo? Je, saa za kupumzika zipo kweli, au zimeandikwa ukutani tu?

(b) Uwezo wa kuamua. Je, mfanyakazi ana sauti yoyote juu ya namna ya kufanya kazi yake, au analaumiwa kwa mambo ambayo hana mamlaka nayo?

(c) Msaada. Akikwama, yuko mtu wa kumwita? Msimamizi ni mwalimu, au ni askari wa kuvizia makosa?

(d) Haki. Je, kazi sawa inalipwa sawa? Kupandishwa cheo kunafuata utaratibu, au kunafuata ujamaa wa mtu?

(e) Uhakika wa ajira. Je, mtu anajua kama mwezi ujao atakuwa na kazi na mshahara?

(f) Heshima na usalama. Je, anapigwa, anatukanwa au anasumbuliwa kimapenzi, na wakubwa au na watu anaowahudumia?

Mtu mwenye kazi nyingi huchoka, akilala hupona. Lakini mwenye kazi nyingi, asiye na sauti, asiye na msaada, anayelaumiwa kila siku, usingizi haumtoshi. Taratibu huanza kuwachukia watu anaowahudumia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo kuwa matokeo ya mkazo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Lilitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba hufanyi chochote cha maana. Ukali wa yule nesi upo katika dalili ya pili.

3. MPAKANI: LAWAMA BILA MAMLAKA

Sasa tuondoke hospitalini twende mpakani. Upande wa Kenya, vituo viwili vya Busia na Malaba vyote vimo katika Kaunti ya Busia. Upande wa Uganda, kituo cha Busia kimo katika wilaya ya Busia, iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997, na Malaba imo katika wilaya ya Tororo. Zamani msafiri alisimama mara mbili, kila upande mara moja. Katikati watu wa baiskeli waliwabeba abiria wakiita "boda, boda", na jina hilo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Katika mpango huo msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa ndani ya jengo moja. Kwa msafiri na kwa mwenye lori hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mpango mpya wa kazi huleta pia maswali mapya kwa mfanyakazi. Meza mbili zimekaribiana, lakini zinafuata amri za serikali mbili na mishahara ya serikali mbili. Kompyuta zikizima, nani anatoa maelezo kwa umma? Abiria akimvamia ofisa wa nchi ya pili, nani anamlinda? Maswali kama haya wanapaswa kuulizwa wafanyakazi wenyewe kabla jengo halijafunguliwa.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, malori yalipanga mstari wa kilomita nyingi kuelekea Malaba na Busia. Madereva walilala siku kadhaa barabarani wakingoja majibu ya vipimo. Aliyekutana na hasira yao hakuwa waziri. Alikuwa mpimaji wa afya aliyevaa mavazi ya kinga juani, akiogopa kuambukizwa, na jioni akirudi nyumbani kwa majirani waliomwogopa yeye. Januari 2022 madereva waligoma kuingia Uganda kwa sababu ya ada ya kipimo waliyodaiwa mpakani. Mstari ukawa mrefu tena, mpaka serikali ya Uganda ilipolegeza amri yake. Madereva walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mpimaji hakutunga amri ile, wala hakupanga bei. Mwezi Septemba mwaka huohuo Uganda ilitangaza Ebola, na Januari 2025 ikatangaza tena. Kila mara kazi ya kupima watu mpakani iliongezeka, na waliobeba nyongeza hiyo ni wafanyakazi wa mstari wa mbele.

Hiyo ndiyo tunayoiita lawama bila mamlaka. Mtu amewekwa mbele kupokea hasira ya umma kwa uamuzi uliofanywa mbali naye. Na wewe unayesoma, kama umewahi kuwa mpimaji wa miwa kwenye mizani, ukitukanwa na mkulima kwa bei usiyoipanga, unaijua hali hii.

4. CHUMBA CHA WALIMU

Mfano wa tatu ni shule. Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwalimu wa Tororo aliporudi darasani alikuta watoto waliosahau kusoma, wengine wamekwisha kuzoea vibarua, wasichana wengine wamekuwa mama. Hakuna ratiba iliyotoa nafasi ya kubeba hayo yote.

Kisha mwaka huohuo likaja jambo la mishahara. Serikali iliamua kuwapandishia walimu wa sayansi, na mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi akapangiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa historia au wa lugha, mwenye shahada ya miaka ileile, akaachwa nyuma sana. Juni 2022 chama cha walimu, UNATU, kiliitisha mgomo. Wapo waliosema kwamba walimu wana wivu. Sisi tunasema wivu si neno lake. Ukiwaweka watu wawili katika chumba kimoja, kwa kazi moja, na kumwambia mmoja wao kila mwisho wa mwezi kwamba thamani yake ni ndogo, umevunja kitu ambacho hata fedha ikiongezwa baadaye hukawia kurudi. Haki ni sehemu ya mazingira ya kazi.

Upande wa Kenya tunaweza kutaja jambo la uhakika wa ajira. Mwaka 2020 maelfu ya wahudumu wa afya waliajiriwa kwa mikataba ya muda katika mpango wa afya kwa wote. Kwa miaka iliyofuata walidai ajira ya kudumu, mara kwa mara kwa maandamano. Kibarua wa shambani hahitaji kuelezwa maana ya kulala usiku bila kujua kama mkataba utatiwa saini tena.

5. UCHUNGUZI UNAONYESHA NINI

Wengine watasema haya ni manung'uniko tu. Basi tutazame uchunguzi.

Mwaka 1967, mjini London, madaktari walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000. Watu walitazamia kwamba wakubwa, wenye "mawazo mengi", ndio watakaokufa mapema kwa moyo. Ikawa kinyume. Waliokuwa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi kuliko wale wa ngazi ya juu. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1985, wanawake nao wakiwemo. Ulionyesha kwamba mtumishi asiye na sauti katika kazi yake yuko katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alikuwa amekwisha kuandika jambo linalofanana na hilo, akitumia habari za wafanyakazi wa Marekani na Sweden. Alionyesha kwamba kazi inayochosha akili zaidi ni ile yenye madai makubwa pamoja na uwezo mdogo wa kuamua. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza hesabu yao: mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Kwa hiyo tunaposema mpango mbaya wa kazi huua, hatutii chumvi.

6. DAWA ZISIZOPONYA

Mahali pengi wakubwa wamekwisha kuona kwamba wafanyakazi wamechoka. Lakini dawa wanazotoa ni tatu, na zote haziponyi.

Ya kwanza ni mahubiri: "Kazi hii ni wito, vumilieni." Wito ni jambo jema, lakini haujazi nafasi ya nesi wa pili. Ya pili ni semina ya siku moja juu ya kupumua na kutabasamu. Semina yaweza kusaidia kidogo, lakini kesho yake mtu anarudi kwenye zamu ileile. Ya tatu ni adhabu: barua ya onyo, uhamisho, kukatwa siku. Adhabu huwafundisha watu kuficha makosa, na makosa yanayofichwa hospitalini huua.

Na sisi vyama tuna kosa letu. Mara nyingi tumeingia mezani na dai la fedha peke yake. Tumepata nyongeza, tukatoka tukiimba, na mpango wa kazi ukabaki vilevile. Fedha ni lazima. Lakini nyongeza ya mshahara haimpi usingizi mtu anayefanya zamu mbili mfululizo.

7. SHERIA ZILIZOPO

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama na afya mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 40, inazungumzia haki ya kufanya kazi katika hali ya kuridhisha, salama na yenye afya. Sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini ya 2006 nayo inatambua wawakilishi na kamati za usalama. Tangu 2008 Uganda ina pia sheria inayoweka baraza la mashauriano kati ya serikali na vyama vya watumishi wa umma.

Duniani, Mkataba namba 149 wa 1977 unahusu wauguzi na masharti yao ya kazi. Mkataba namba 190 wa 2019 unapinga ukatili na usumbufu kazini, katika kazi za umma na za watu binafsi, na unagusa hata ukatili wa watu wa nje kama wateja na wagonjwa. Uganda iliuridhia Agosti 2023. Na Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Tusidanganyane. Sheria iliyomo kabatini haimlindi mtu. Lakini inampa katibu wa tawi mahali pa kusimama anapozungumza na mwajiri.

8. TAWI LIFANYE NINI?

Kwanza, tuhesabu. Chukueni daftari moja, mwandike kwa wiki nne. Kila zamu: watu wangapi walitakiwa, wangapi walikuwepo, wagonjwa au wasafiri walikuwa wangapi, nani alipata saa ya chakula, nani alipitiliza zamu, matusi au vipigo vilikuwa vingapi. Msiandike majina ya wagonjwa. Mwajiri atapinga maneno "tumechoka". Ni vigumu kupinga daftari linaloonyesha kwamba katika usiku 28, muuguzi alikuwa peke yake usiku 19.

Pili, tukae na kuzungumza bila wakubwa. Tuulizane: katika yale mambo sita, lipi linatuumiza zaidi hapa? Jibu la maabara laweza kuwa tofauti na la wodini. Wafagiaji, wapishi na walinzi waitwe pia. Wao huona mengi, na mara nyingi husahauliwa.

Tatu, tugawe madai katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ya gharama ndogo: ratiba ya zamu kubandikwa wiki mbili mbele, mtu asiondoke wala asibakizwe bila makabidhiano, saa ya chakula yenye wa kushika nafasi, chumba chenye kiti na maji, tangazo mlangoni linaloeleza dawa zipi hazipo na kwa nini, ili nesi asitukanwe kwa ajili ya stoo, msimamizi mwenyewe ajitokeze mbele ya umma panapokuwa na kelele, baada ya kifo kigumu au shambulio, waliohusika wapewe nafasi ya kukaa pamoja na kuzungumza. Fungu la pili ni ya gharama kubwa: kuajiri watu, mikataba ya kudumu, uzio na walinzi, mishahara ya haki. Tukiyachanganya, mwajiri atasema "bajeti haipo", naye atakuwa ameyakataa yote kwa neno moja. Tukiyagawa, itambidi aeleze kwa nini hawezi hata kubandika ratiba.

Nne, yaliyokubaliwa yaandikwe katika mapatano, yawe na tarehe na mtu wa kuyasimamia. Ahadi ya mdomo huhama pamoja na mkubwa aliyeitoa.

Tano, matawi ya pande mbili za mpaka yaarifiane. Hili kwetu ni kubwa. Kenya ilikuwa na mgomo wa madaktari wa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, na mgomo wa wauguzi wa miezi mitano mwaka 2017. Ugonjwa haungoji mapatano, na mgonjwa wa mpakani huvuka kwenda kule aliko mhudumu. Wodi ya upande mmoja ikifungwa, mzigo huanguka juu ya wenzetu wa upande wa pili, ambao wao wenyewe ni wachache. Mgomo ni haki yetu. Lakini wenzetu wajulishwe mapema, na huduma ya dharura ipangwe, ili anayeumia awe yule anayekataa kusikia, asiwe mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Sita, tumtunze mwenzetu aliyekwisha kuelemewa. Ukiona mtu halali, ameanza kunywa mno, anajitenga au anazungumza juu ya kufa, usimtangaze mkutanoni wala usimcheke. Kaa naye, msindikize hospitali, usimwache peke yake. Maradhi ya akili yanatibika kama malaria inavyotibika. Kisha, wakati yeye anatibiwa, tawi litazame kazi aliyotoka nayo, kwa maana anayefuata ataikuta ileile.

9. KWA NINI LINATUHUSU SISI

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Linatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza: mambo yale sita yapo kwetu. Kipimo cha miwa kinachopandishwa bila kuulizwa, mnyapara anayetukana, zamu ya usiku inayobadilishwa jioni, msichana wa kufungasha anayedaiwa mapenzi ili apewe kazi kesho. Daftari la wiki nne linafaa kiwandani na shambani sawasawa na hospitalini.

Ya pili: sisi ndio tunaokaa kwenye lile benchi. Tajiri akiugua hutibiwa hospitali ya kulipia. Mtoto wake hasomi darasa la watoto 90. Hospitali ya serikali na shule ya serikali ni zetu, na uchovu wa anayezifanyia kazi unaishia mwilini mwa mtoto wetu. Nesi akidai mwenzake wa pili usiku, anadai pia jeraha letu lishonwe saa mbili badala ya saa tano. Basi tusikubali kugombanishwa dirishani, wewe nje na yeye ndani, huku aliyepanga foleni hayupo.

Yule mkata miwa afanye nini? Alalamike, tena kwa maandishi, kwa jinsi alivyotukanwa. Lakini katika barua hiyohiyo aulize: usiku ule walipangwa wauguzi wangapi? Na katibu wa tawi lake aipeleke nakala kwa katibu wa tawi la wauguzi. Barua mbili, ya mgonjwa na ya muuguzi, zinazouliza swali moja, ni ngumu kutupwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika mambo sita ya sehemu ya pili, lipi ni baya zaidi mahali penu pa kazi? Toeni mfano wa wiki hii.

2. Ni nani kwenu anayebeba lawama bila mamlaka? Nani ndiye mwenye mamlaka hayo?

3. Mapatano yenu ya mwisho yalikuwa na kifungu chochote juu ya zamu, mapumziko au heshima? Kama hakikuwepo, kwa nini?

4. Kamati ya usalama na afya ipo? Ilikutana lini mara ya mwisho? Imewahi kujadili jambo lisilohusu mashine?

5. Tawi la hospitali au shule lililo karibu nanyi ni lipi? Nani atakwenda kumwona katibu wake kabla ya mwisho wa mwezi huu?

Andikeni majibu. Tutakapokutana kwa somo linalofuata tutaanza na daftari zenu.